Usimvute, Mhesabie: Mgonjwa wa Parkinson Miguu Inapoganda

(Muziki wa kipindi. Unapungua taratibu.)

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nina neno na kina mama, mabinti na wote wanaotunza wazee nyumbani. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, uvute kigoda, tusikilizane.

Kuna swali ambalo huulizwa sana ninapotembelea wagonjwa manyumbani. Mama hunivuta kando, hushusha sauti, na kusema: "Sista, niambie ukweli. Huyu mzee ni mgonjwa au anajifanya? Asubuhi nilimpeleka msalani, akasimama mlangoni kama mti, hatua haendi. Lakini mchana mtoto alipokaribia jiko lenye moto, mzee huyo huyo aliinuka akamshika mkono kabla sijafika. Sasa hiyo ni nini?"

Leo tutalijibu swali hilo. Ni swali zito, kwa sababu jibu utakaloliamini ndilo litakaloamua kama mzee huyo atasaidiwa au atafokewa, na kama atafika msalani salama au ataanguka avunjike nyonga.

UGONJWA WA PARKINSON NI NINI?

Ugonjwa huu ulipewa jina la daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyeandika habari zake mjini London mwaka 1817. Wengi wetu huuita tu ugonjwa wa kutetemeka. Jina hilo laweza kutupotosha, kwa kuwa wako wagonjwa wa Parkinson wasiotetemeka hata kidogo, na wako watu wanaotetemeka kwa sababu nyingine kabisa.

Dalili kubwa ni nne. Ya kwanza ni mwili kuwa mzito na wa polepole: kufunga vifungo vya shati huchukua muda mrefu, hatua huwa fupi, na mguu huburuzwa. Ya pili ni viungo kukakamaa. Ya tatu ni kutetemeka, hasa mkono ukiwa umetulia pajani, na mara nyingi huanzia upande mmoja wa mwili. Ya nne, ambayo kwa kawaida huja baadaye, ni kupoteza usawa na kuanguka. Pamoja na hizo, sauti hufifia, maandishi huwa madogo, choo huwa kigumu, mtu huacha kusikia harufu, na uso hukosa tabasamu.

Hapo kwenye uso ningependa tukae kidogo. Misuli ya uso nayo hukakamaa. Mzee hapepesi macho sana, hacheki, anakutazama tu. Watu wa nyumbani hudhani amekasirika. Na mahali ambapo wazee hushukiwa uchawi kwa jambo dogo, uso wa namna hiyo unaweza kumletea hatari. Mama, uso huo si chuki, wala si uchawi. Ni misuli. Usimhukumu kwa uso wake, muulize anavyojisikia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Wengi hupatwa baada ya umri wa miaka 60, lakini wako wanaoanza mapema. Bondia Muhammad Ali aliambiwa kuwa anao mwaka 1984, akiwa na miaka 42.

Kwetu Afrika Mashariki shida ni kwamba wengi wanaugua bila kujulikana. Watafiti walipowatafuta wagonjwa vijijini katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Tanzania, waligundua kwamba zaidi ya robo tatu ya wale waliowapata hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana Parkinson. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa hivyo, ukiona dalili nilizotaja, usiseme ni uzee tu. Mpeleke kituo cha afya, aandikiwe barua ya kwenda kumwona daktari katika hospitali kubwa.

KWA NINI MIGUU HUGANDA?

Sasa turudi kwa yule mzee aliyesimama mlangoni.

Wewe ukiwa mzima hufikirii unavyotembea. Unaweza kuwa na mtungi wa maji kichwani, mtoto mgongoni, na huku unazungumza na jirani, na miguu inakwenda yenyewe. Kazi hiyo ya kuendesha mwendo bila kufikiri hufanywa na sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, na sehemu hiyo hutegemea kemikali iitwayo dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Matokeo yake ni kwamba ule mwendo wa kujiendea wenyewe huharibika. Mtu anataka kwenda, na miguu ina nguvu, lakini amri haifiki vizuri. Wagonjwa husema ni kama nyayo zimegandishwa kwa gundi.

Habari njema ni kwamba ubongo una njia nyingine. Fikiria unavuka mto kwa kukanyaga mawe. Hapo huendi ovyo. Unatazama jiwe, unalenga, unakanyaga, kisha unatazama jingine. Huo ni mwendo wa makusudi. Hutumia macho, masikio na akili, na kwa wagonjwa wengi njia hiyo bado inafanya kazi. Ni kama daraja la barabara kuu limevunjika na matatu zinapitia njia ya kando. Zinachelewa, na dereva lazima awe macho, lakini zinafika.

Ndiyo maana utamwona mgonjwa anaganda kwenye sakafu tambarare, lakini ngazi anazipanda vizuri: kila kidato kinaonyesha macho yake mahali pa kukanyaga. Na ndiyo maana yule mzee aliweza kumwahi mtoto penye moto. Hatari ya ghafla iliuamsha ubongo kwa nguvu, ukapita njia nyingine kwa muda mfupi. Asubuhi hakujifanya, na mchana hakujifanya.

Njia hii ya kando ni nyembamba. Mambo matatu huiziba haraka: kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuharakishwa, na woga. Angalia mahali miguu hugandia na utaona mambo hayo: mlangoni, kwenye kona, anapogeuka, anapokaribia kiti, katikati ya watu wengi, anapovuka barabara, na pale mtu anapomwambia, "Haraka, tunachelewa!"

Basi kazi yako wewe mtunzaji ni mbili: kumfungulia njia hiyo, na kutoiziba. Tuone namna ya kufanya.

AKIGANDA, FANYENI HIVI

Mfundisheni mgonjwa na watu wote wa nyumbani, hata watoto, maneno manne: simama, pumua, egemea, piga hatua.

Simama: aache kupigana na mguu. Asilazimishe. Asimame wima, visigino viguse chini.

Pumua: avute pumzi, kisha aitoe polepole, mabega yashuke.

Egemea: ahamishe uzito upande mmoja, halafu upande wa pili, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni. Mguu usiobeba uzito ndio unaoweza kuinuka.

Piga hatua: aamue ni mguu gani utakaoanza, kisha apige hatua moja kubwa, ya makusudi, kisigino kitangulie kugusa chini.

Wewe wakati huo uko wapi? Uko kando yake, nyuma kidogo. Usisimame mbele na kumvuta mikono. Ukimvuta, kifua kinakuja lakini nyayo zinabaki, na hapo ndipo mnapoanguka wote wawili. Wala usimsukume kutoka nyuma. Sema maneno machache kwa sauti ya kawaida: "Tulia. Pumua. Egemea kushoto. Sasa mguu wa kulia." Mtu mmoja aseme. Nyumba nzima ikianza kupiga kelele "Inua mguu! Inua mguu!" akili yake inajaa, na anaganda zaidi.

MBINU TANO ZA KILA SIKU

Kwanza, alama za macho. Chukua chaki au utepe wa kubandika, uchore mistari inayokatiza njia anayopita, kama vidato vya ngazi, kila mstari ukiwa mbali na mwenzake kwa urefu wa hatua yake ya kawaida alipokuwa mzima. Weka pale anapoganda sana: mlango wa chumba, ujia wa kwenda msalani, mbele ya kiti chake. Mwambie avuke mstari baada ya mstari. Kwenye ua wa udongo unaweza kuchora kwa jivu. Lakini usitandaze magunia, mikeka au vijiti kama alama, hivyo vitamkwaza.

Pili, mdundo. Masikio nayo hufungua njia. Hesabu "moja, mbili, moja, mbili", au piga makofi, au mwimbe wimbo anaoupenda wenye mwendo wa kutembea. Wimbo wa kanisani, kasida, au wimbo wa densi wa ujana wake, wowote unafaa, mradi una mdundo ulio wazi. Usiharakishe. Mtazame kwanza anavyotembea siku akiwa vizuri, kisha piga mdundo wa kasi hiyo hiyo. Akianza kukimbia kwa vihatua vidogo vidogo, mwambie asimame kabisa, kisha muanze upya.

Msidhani mbinu hizi ni za nchi za mbali zenye mashine. Huko Hai nilikotaja, wagonjwa ambao hawakuwa wameanza kutumia dawa yoyote walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za namna hii. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na mwendo wao ulikuwa umekuwa bora.

Tatu, gawanya kazi. Jambo ambalo sisi tunalifanya mara moja, kwake liwe hatua tatu au nne, kila moja na jina lake. Chukua mfano wa kuinuka kitini. Moja, sogea hadi ukingoni mwa kiti. Mbili, rudisha nyayo nyuma, chini ya magoti. Tatu, inama mbele hadi pua ipite vidole vya miguu. Nne, sukuma kwa mikono na uinuke. Aseme mwenyewe kwa sauti huku akifanya. Na kugeuka vilevile: asizunguke papo hapo kwa mguu mmoja, bali azunguke kwa duara pana, hatua moja moja, kama matatu inayogeuka stejini.

Nne, picha akilini. Kabla hajaanza kutembea, atulie na ajione akilini akifanya jambo hilo: nainuka, napiga hatua ndefu, navuka kizingiti, nafika. Wanariadha nao hufanya mazoezi ya namna hii kabla ya mashindano. Kwa mgonjwa wa Parkinson ni njia ya kuielekeza akili kwenye hatua moja kabla miguu haijaitwa kazini.

Tano, jambo moja kwa wakati mmoja. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo tunayoisahau. Akiwa anatembea, usimwulize kama amekunywa dawa. Usimpe kikombe cha uji abebe. Simu ikilia, asimame kwanza, au aiache. Mzungumze atakapokuwa ameketi. Utashangaa ni maanguko mangapi yatakayoepukwa kwa kunyamaza tu.

Mbinu hizi hujifunzwa kwa mazoezi. Dakika 10 au 15 kila siku zinafaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Fanyeni wakati dawa imeshika na mwili ni mwepesi. Jaribuni zote, kwa kuwa mmoja atasaidiwa na mistari, mwingine na wimbo. Mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini anaweza kuwaonyesha vizuri zaidi. Mwombe daktari awaandikie kwenda kumwona.

Niseme wazi pia mipaka yake. Mbinu hizi haziondoi ugonjwa, na hazichukui nafasi ya dawa. Tena zinahitaji umakini, na umakini huchoka. Jioni mgonjwa akishindwa jambo aliloliweza asubuhi, msione ni uvivu. Na kama amepoteza kumbukumbu sana, hatazikumbuka peke yake. Ninyi ndio mtakaokuwa kumbukumbu yake.

WOGA, AIBU NA HUZUNI

Mpenzi msikilizaji, sasa tumeingia kwenye jambo ambalo wengi hawalizungumzi.

Mtu akianguka mara moja, huanza kuogopa. Akiogopa, mwili hukakamaa na kutetemeka kuzidi, na miguu huganda. Ikiganda mbele ya watu, anaona aibu. Akiona aibu, anakataa kutoka. Akikaa ndani siku nzima, misuli inalegea na usawa unapungua, kisha anaanguka kwa urahisi zaidi. Mnaona mduara huo? Ugonjwa ulianza jambo, lakini woga unalikuza.

Tena kuna huzuni nzito, yaani unyogovu. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa Parkinson huwa nayo. Si kwa sababu ni watu dhaifu wa imani au wasio na shukrani. Ugonjwa wenyewe hubadilisha kemikali za ubongo zinazohusika na furaha na utulivu, na kwa wengine huzuni au wasiwasi huanza hata kabla ya kutetemeka. Mtazame kama halali, hali chakula, hapendi tena mambo aliyoyapenda, au anasema yeye ni mzigo tu. Hiyo ni sehemu ya ugonjwa na inatibika. Mweleze daktari.

Kuna tiba ya mazungumzo ambayo tafiti zimeonyesha kwamba hupunguza huzuni na wasiwasi kwa wagonjwa hawa. Mshauri humsaidia mtu kuyachunguza mawazo yake na kubadilisha anayoyafanya kila siku. Si lazima kusubiri mshauri ili kuanza mambo yake ya msingi. Hapa nawapa matatu.

La kwanza, kulipima wazo. Mzee anasema: "Nikienda kanisani nitaganda, watu wote watanicheka." Usimjibu, "Acha mawazo hayo!" Mwulize kwa upole: Mara ya mwisho ulipoganda mbele ya watu, ni nani aliyecheka? Ni nani aliyekusaidia? Ukiganda tena, tutafanya nini? Huenda mkafika kwenye wazo lingine, la kweli zaidi: "Naweza kuganda mlangoni. Nikiganda, nitasimama, nitapumua, nitaegemea, nitapiga hatua. Tutaondoka mapema, na tutaketi karibu na mlango." Wazo hilo halidanganyi kwamba mambo yote yatakuwa sawa. Linampa la kufanya.

La pili, kurudi nje kidogo kidogo. Wiki hii hadi langoni. Wiki ijayo hadi kwa jirani. Baadaye dukani, wakati hakuna watu wengi. Kila hatua irudiwe hadi woga upungue, ndipo muende ya mbele. Kumrukisha hadi sokoni siku ya soko ni kumvunja moyo.

La tatu, jambo moja la furaha kila siku. Kuketi na wenzake kucheza bao, kumenya njegere, kusikiliza redio, kumsimulia mjukuu hadithi. Liandikwe kwenye ratiba kama dawa inavyoandikwa, kwa sababu mwenye huzuni akingoja mpaka ajisikie vizuri ndipo afanye, hatafanya kamwe.

Na kuhusu aibu, tumkumbuke Muhammad Ali. Mwaka 1996, mjini Atlanta, Marekani, alisimama mbele ya dunia nzima mkono ukimtetemeka, akawasha moto wa michezo ya Olimpiki. Hakuuficha mkono ule. Watu hawakumcheka. Walimshangilia.

WEWE UNAYETUNZA

Namna unavyozungumza na mgonjwa inaingia moja kwa moja kwenye miguu yake. Ukimfokea anaganda, ukitulia anafunguka. Kwa hivyo subira yako ni sehemu ya matibabu. Lakini subira haitoki kwenye mwili uliochoka.

Mpe muda. Kama kanisa ni saa nne, anza kumtayarisha saa mbili. Mwache ajifanyie analoweza, hata kama kufunga vifungo kutachukua dakika kumi. Ukimfanyia kila kitu, unamwambia bila maneno kwamba yeye amekwisha. Akifaulu, mwambie. "Leo umevuka mlango bila kusimama, baba." Maneno hayo hayagharimu chochote.

Na wewe, mama, gaweni kazi nyumbani. Mara nyingi mzigo wote huachiwa mwanamke mmoja ambaye pia ana watoto, ng'ombe na shamba. Kaka zako na wana wa mzee waitwe wakae kikao. Mmoja alipie dawa, mwingine ampeleke kliniki, mwingine alale naye siku mbili kwa wiki upumzike. Mjukuu wa shule anaweza kuwa mhesabu wa hatua, na watoto huipenda sana kazi hiyo. Ukiona unalia bila sababu, hulali, au hasira inakupanda hadi unataka kumpiga mzee, hiyo ni dalili kwamba umelemewa. Nenda kituo cha afya useme. Nasi wauguzi tuko hapo kwa ajili yako pia.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

"Kwa nini hutetemeka zaidi wageni wakija?" Kwa sababu mshtuko, haya na hata furaha kubwa huongeza kutetemeka. Akitulia, hupungua. Mpe kitu cha kushika au aweke mkono mezani, na msimkodolee macho.

"Je, ugonjwa huu huambukiza?" La. Kuleni naye, laleni naye chumba kimoja. Hauambukizi kwa mate, kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Na kwa familia nyingi haurithiwi moja kwa moja.

"Je, maombi yanafaa?" Maombi humpa mtu utulivu na matumaini, na utulivu tumeona unavyosaidia miguu. Aombewe, na dawa ameze. Yeyote anayemwambia aache dawa ili aponywe anamhatarisha.

DAWA, NA LINI UHARAKISHE HOSPITALINI

Dawa inayotumika zaidi ni levodopa, ambayo huchanganywa na kabidopa katika kidonge kimoja. Mambo matatu kuhusu dawa hii. Apewe saa zile zile kila siku, akichelewa, anaganda. Ni vizuri aimeze kama nusu saa kabla ya chakula au saa moja baada yake, kwa kuwa nyama, maziwa na maharagwe huweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Na asiiache ghafla hata siku moja bila daktari, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kuleta homa na kukakamaa kwa hatari. Nunueni nyingine kabla ya kopo kuisha.

Wekeni daftari. Andika saa aliyomeza dawa, saa mwili ulipokuwa mwepesi, saa alipoganda na mahali. Daktari akiliona daftari hilo atajua kupanga dawa vizuri kuliko kusikia "huwa anaganda ganda tu".

Kila mnapokwenda duka la dawa au kliniki kwa shida nyingine, semeni kwanza kwamba ana Parkinson. Baadhi ya dawa, kama ile ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramaidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, huzidisha ugonjwa huu.

Mpelekeni hospitalini bila kungoja akianguka na kugonga kichwa au akashindwa kusimama, akipaliwa kila anapokula, akichanganyikiwa ghafla au akianza kuona vitu visivyokuwepo, akiwa na homa na mwili umekakamaa sana, upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, au akisema anataka kufa. Neno hilo la mwisho msilichukulie kuwa maneno ya uzee.

TUKUMBUSHANE

Mgonjwa wa Parkinson anayeganda hajifanyi. Njia ya mwendo wa kujiendea imeharibika, lakini njia ya mwendo wa makusudi bado ipo. Ifungue kwa mistari, kwa mdundo, kwa kugawanya kazi, kwa picha akilini, na kwa jambo moja kwa wakati mmoja. Usiizibe kwa haraka wala kwa kelele. Woga na huzuni ni sehemu ya ugonjwa, vitibiwe. Na akiganda, usimvute. Simama, pumua, egemea, piga hatua.

Kila mwaka tarehe 11 Aprili ni siku ya ulimwengu ya ugonjwa wa Parkinson. Usingoje siku hiyo. Kesho asubuhi tafuta kipande cha chaki, uchore mistari minne mlangoni mwa mzee wako, usimame kando yake, mhesabu pamoja.

Kama una jirani mwenye mgonjwa wa namna hii ambaye hakusikia mazungumzo haya, mfikishie habari. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia wewe na jamaa yako afya njema. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi unapanda.)